Anasoma kila jioni, mtihani ukija hakumbuki kitu

Shikamoo Mwalimu,

Naomba unisaidie, maana nyumbani kwangu jioni zimegeuka vita. Nina watoto wawili. Wa kwanza ni binti wa miaka 12, yuko darasa la sita. Wa pili ni mvulana wa miaka 8, darasa la tatu. Mwaka jana wote walirudi na ripoti mbaya, nikaapa kwamba mwaka huu hawatanichezea. Nikaweka sheria: saa moja jioni kila mtu mezani, runinga inazimwa, simu nazikusanya mimi, na hainuki mtu kabla ya saa tatu. Mwenyewe nakaa nao hapo hapo mpaka mwisho. Binti akishakula na kuoga anarudi tena kwenye madaftari yake mpaka saa tano na nusu usiku. Saa kumi na moja alfajiri namwamsha apitie tena kabla ya kwenda shule.

Mwalimu, huyu binti si mvivu hata kidogo. Ukiyaona madaftari yake utayapenda. Kila kichwa cha somo kina rangi yake, na mistari muhimu ameipaka kalamu ya njano. Akimaliza kusoma namuuliza maswali mawili matatu na ananijibu vizuri tu. Lakini mtihani ukifika, vyote vimeyeyuka. Sayansi alikuwa na 68, muhula huu kapata 51. Alilia, akaniambia, "Mama, mimi kichwa changu kibovu." Nilikosa la kumjibu.

Mdogo wake shida yake ni hesabu. Anayemfundisha ni baba yake, kwa sababu mimi shule niliiacha mapema. Baba anaanza kwa upole, lakini haziishi dakika kumi utasikia sauti imepanda: "Na hili nalo hulioni?" Mtoto analia, baba anachukua penseli na kumalizia mwenyewe, maana kazi lazima ipelekwe kesho. Mtoto hata kunakili maswali kutoka ubaoni anakosea, 36 anaandika 86, na mwalimu kamweka nyuma kwa kuwa ni mrefu kuliko wenzake. Sasa baba yake kamwahidi baiskeli akiingia kwenye tano bora. Ahadi hiyo mimi sikuipenda ila nimenyamaza.

Dada yangu ananishauri niwatafutie mwalimu wa tuisheni kila jioni. Je, niongeze saa za kusoma, nilipe huyo mwalimu, au niwaache wasome watakavyo? Kinachoniuma zaidi ni kwamba masomo ya binti yamenipita kimo. Nakaa naye pale mezani kama mlinzi tu, sina la kumsaidia.

Mama wa Wawili

---

Marahaba, mama.

Saa usiongeze. Zipunguze, na nitakueleza kwa nini. Tuisheni nayo iache kwanza, maana ukimleta mwalimu sasa hivi atakuja kuongeza kitu ambacho nyumbani kwako tayari kimezidi. Na hilo la kukaa pale kama mlinzi nitalirudia, kwa sababu wewe ndiye mtu anayemfaa binti yako kuliko wote, na kutosoma kwako hakukuzuii.

Nianze na binti. Umeniandikia jambo moja ambalo limebeba jibu lote: akimaliza kusoma unamuuliza na anajibu. Bila shaka atajibu. Maneno bado yako mdomoni, daftari limefungwa dakika mbili zilizopita. Unachopima hapo ni kama amesoma, na kweli amesoma. Kama yamekaa, hujapima bado. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu yeye mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, aligundua kwamba tunachojifunza hakipungui polepole kwa usawa. Sehemu kubwa hutoroka mapema sana, ndani ya saa za mwanzo na siku ile ya kwanza, halafu kasi inapungua. Kwa hiyo jibu zuri la saa tatu usiku haliahidi chochote kuhusu mtihani wa wiki ijayo.

Kusoma tena na tena kuna hila yake. Mara ya pili maneno yanaonekana ya kawaida, mara ya tatu yanateleza, mara ya nne mtoto anaona kama ameyaandika yeye. Ule wepesi anaousikia anauita kujua. Kumbe anachoweza ni kuyatambua akiyaona, na kwenye chumba cha mtihani hayaoni. Anatakiwa ayatoe kichwani mwenyewe, kazi ambayo jioni zote hizo hajaifanya hata mara moja.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi za kusoma. Kundi moja likazisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine likazisoma kipindi kimoja tu, kisha vipindi vitatu vilivyobaki likafunga karatasi na kuandika kila linachokumbuka. Dakika tano baadaye waliosoma mara nyingi walishinda. Wiki moja baadaye mambo yalipinduka: waliojilazimisha kukumbuka walikuwa bado na asilimia 61 ya habari ile, wale wasomaji asilimia 40. Na waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka walikuwa hao hao wasomaji. Hapo ndipo alipo binti yako. Kichwa chake ni kizima. Amefanya kazi kubwa kwa njia isiyolipa, na ni vyema umwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, leo, kabla hujabadilisha ratiba yoyote. Mtoto wa miaka 12 aliyeshaamua kwamba ana kichwa kibovu ataisikia kila mbinu mpya kama dawa ya mgonjwa.

Kuhusu ile kalamu ya njano, sitaki kumvunja moyo, madaftari safi ni jambo jema. Lakini mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipopitia tafiti za mbinu kumi ambazo wanafunzi hupenda kuzitumia kujisomea, kupaka rangi na kurudia kusoma zilipewa daraja la chini kwa manufaa. Zilizopewa daraja la juu zilikuwa mbili tu: kujipima, na kugawa masomo katika siku mbalimbali badala ya kuyarundika siku moja. Apake rangi akipenda, ila ajue kwamba akimaliza kupaka bado hajaanza kujifunza.

Basi afanye hivi. Asome sehemu fupi, ukurasa mmoja au miwili, mara moja kwa makini. Afunge daftari. Achukue karatasi tupu aandike yote anayokumbuka, kwa maneno yake, kwa michoro, kwa mishale, bila kujali mwandiko. Akikwama asifungue haraka, akae na kule kukwama kidogo, maana pale anapotafuta ndipo kumbukumbu inapojengeka. Kisha afungue daftari, na kwa kalamu ya rangi nyingine ajaze aliyoyasahau na kusahihisha aliyoyakosea. Ile rangi ya pili ndiyo ramani ya kesho. Kesho yake, kabla ya kugusa somo jipya, achukue karatasi nyingine tupu na kuanza na yale ya rangi ya pili. Arudie baada ya siku tatu hivi, halafu baada ya wiki. Kila safari inakuwa fupi kuliko iliyotangulia, kwa sababu yaliyokaa hayahitaji kusomwa upya.

Nakuonya mapema, siku za mwanzo atachukia. Karatasi itakuwa na mistari minne, naye alizoea kumaliza sura nzima kwa jioni moja. Atakwambia njia hii haifai, ile ya zamani alikuwa "anaelewa zaidi". Usiogope. Hakuwa anaelewa zaidi, alikuwa haoni anachokosa. Sasa anakiona.

Sasa wewe, mama. Umesema masomo yamekupita kimo. Mimi nasema hiyo ni bahati ya binti yako, ukijua kuitumia. Mzazi anayejua somo hana subira. Mtoto akisita kidogo tu anamkatiza na kummalizia sentensi, basi kazi ya kukumbuka imefanywa na mzazi. Wewe hujui, kwa hiyo utauliza kweli. Mwambie akufundishe. Akisema leo wamesoma mzunguko wa damu, chukua daftari lake ulishike wewe, yeye akae mikono mitupu akueleze. "Damu ikitoka kwenye moyo inaelekea wapi?" Atakujibu, mwilini. "Ikifika huko inafanya nini?" Inapeleka hewa ya oksijeni. "Halafu?" Inarudi kwenye moyo. Hapo uliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: "Sasa kama hewa imekwisha kuiacha huko, nyingine ya kupeleka safari ijayo inaipata wapi?" Utamwona ananyamaza, macho juu. Ama atakumbuka mapafu mwenyewe, ama atanyoosha mkono kutaka daftari. Ukiona ananyoosha mkono ujue mmepata shimo, na shimo hilo limeonekana mezani kwenu wala si kwenye karatasi ya mtihani.

Huhitaji kujua jibu. Daftari ndilo linaloamua. Wewe unahitaji maneno machache tu: "halafu?", "kwa nini?", "nipe mfano", "hapo sijakuelewa, rudia kwa njia nyingine." Usimsahihishe kabla hajamaliza. Usiseme "vizuri sana" kila anapofungua mdomo, atakuwa anakusomea uso badala ya kutafuta kichwani. Na akikufundisha kitu ukakielewa kwelikweli, mwonyeshe. Watoto wanajua kutofautisha mama anayejifanya kusikiliza na mama aliyejifunza jambo jipya.

Kwa utaratibu huu hutakaa mezani saa mbili. Mwachie dakika zake peke yake, wewe njoo mwishoni kwa robo saa ya maelezo. Kukaa ubavuni kwake muda wote kunamfundisha kwamba kusoma ni jambo linalofanyika mama akiwepo, na siku haupo hatasoma.

Usingizi. Hapa sitabembeleza. Binti yako anapata usingizi wa saa tano na nusu tu kwa usiku mmoja. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016: watoto wa miaka 6 hadi 12 walale kati ya saa 9 na 12 katika kila saa 24, na wa miaka 13 hadi 18 kati ya saa 8 na 10. Huyu anakosa kiasi cha kutisha. Wakati wa kulala ubongo unaendelea kuyapanga na kuyaimarisha yale ya mchana, kwa hiyo unapomkatia usingizi ili asome zaidi unachukua kwa mkono mmoja ulichompa kwa mwingine. Halafu darasani asubuhi, mahali ambapo somo lenyewe linafundishwa, amekaa macho wazi na hayupo. Nadhani sehemu ya zile alama 17 alizoshuka zimepotelea hapo, ingawa siwezi kuthibitisha kutoka mbali. Alfajiri usimwamshe tena. Saa tatu awe kitandani, na mkiweza saa mbili na nusu. Kama kuna kazi haijaisha, ibaki. Mwandikie mwalimu kwamba muda uliisha.

Wazee walisema mkamia maji hayanywi, na nyumba yako imeyakamia maji kwelikweli. Kuna kipimo cha kukadiria ambacho Mmarekani Harris Cooper, aliyechunguza tafiti za kazi za nyumbani kwa miaka mingi, alikisaidia kufahamika: dakika 10 kwa kila darasa. Darasa la tatu ni dakika 30, la sita ni saa moja. Cooper mwenyewe alikuta kwamba kwa watoto wadogo uhusiano kati ya wingi wa kazi za nyumbani na alama ni dhaifu, na unaonekana zaidi kwa wale wakubwa wa sekondari. Usikichukue kama sheria ya serikali, lakini kilinganishe na saa mbili za mvulana wa miaka 8. Yeye nusu saa ya makini ikiisha aende akacheze. Binti, saa moja, ameigawa mara mbili na mapumziko katikati ya kuinuka na kutembea. Kuzima runinga umefanya vizuri, endelea. Simu pia zibaki chumba kingine, ya kwako ikiwa mojawapo, maana mtoto anayeona mzazi anateleza kidole kwenye skrini hasikii unachomwambia kuhusu umakini.

Tuje kwa mdogo, na hapa kuna kitu umekiandika kwa kupitia tu ambacho mimi kimenisimamisha. Anakosea kunakili ubaoni. 36 inakuwa 86. Ameketi nyuma. Mama, mpeleke apimwe macho kabla hamjazungumza habari nyingine yoyote ya hesabu. Tatu na nane kwa mtoto asiyeona mbali vizuri ni kitu kimoja chenye ukungu, na mtoto wa miaka 8 hawezi kukwambia "sioni vizuri" kwa sababu hajawahi kuona vinginevyo. Anadhani wote wanaona hivyo. Wakati mkisubiri kipimo, mwombe mwalimu amsogeze mbele, pembeni ya ukuta kama urefu wake unawaziba wenzake. Macho yakionekana salama na bado anageuza tarakimu na herufi hata zilizo kwenye kitabu mbele yake, au kusoma kunamtoa jasho kuliko wenzake, rudi kwa mwalimu mzungumzie hilo peke yake, kwa sababu matatizo kama disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu, yana namna yake ya kusaidiwa na ukali haumo.

Na baba. Mumeo anampenda mtoto, ndiyo maana anakaa naye. Lakini kwa sasa aachie kiti cha hesabu, na umwambie mkiwa wawili, si mbele ya watoto. Unaweza kumweleza kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Erin Maloney na wenzake, uliofuatilia watoto wa darasa la kwanza na la pili kwa mwaka mzima wa shule. Watoto wa wazazi wenye hofu ya hesabu walijifunza hesabu chache kuliko wenzao na wakaishia na hofu kubwa zaidi pale ambapo wazazi hao walisaidia kazi za nyumbani mara kwa mara. Wazazi wenye hofu hiyo hiyo ambao hawakusaidia sana, watoto wao hawakuumia. Simsemi mumeo kwamba anaogopa hesabu, simjui. Ila sauti inayopanda baada ya dakika kumi mara nyingi inatoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alifundishwa hesabu kwa kupigiwa kelele. Na mtoto anayelia hafanyi hesabu. Nguvu yake yote ya kufikiri imekwenda kwenye kumtazama baba.

Kumaliza kazi kwa penseli ya baba nako kukome. Mwalimu akipokea daftari lenye majibu sahihi anaamini somo limeeleweka na kusonga mbele. Mmemnyima habari pekee ambayo ingemfanya asimame na kurudi nyuma. Swali lililomshinda liachwe wazi, na pembeni mwandike, "Alijaribu, akakwama hapa." Mwalimu yeyote makini atawashukuru.

Atakayekaa naye anaweza kuwa wewe, na kazi yako ni ile ile ya kuuliza. Akikosa, usimwambie amekosa. Mwambie, "Nionyeshe ulivyofika hapa." Watoto hawakosei ovyo, wana sheria zao, na sheria hizo zina mantiki. Kwa mfano 52 kutoa 27. Watoto wengi wa umri wake wataandika 35. Ukimuuliza atakueleza bila wasiwasi: 7 toa 2 ni 5, na 5 toa 2 ni 3. Unaona alichofanya? Kila safu ametoa namba ndogo kwenye kubwa, kwa sababu aliwahi kuambiwa kwamba kubwa haitoki kwenye ndogo, akalishika neno hilo kama amri. Kumkaripia hakutamwondolea sheria hiyo. Vijiti vitamwondolea. Funga vijiti kumi kumi, vifungu vitano, na vijiti viwili pembeni, hiyo ndiyo 52. Mwambie akupe 27. Atakutolea vifungu viwili haraka, halafu atatafuta vijiti saba na kuona vipo viwili tu. Nyamaza. Usiseme "kopa" wala "azima", maneno hayo keshayasikia. Mwache avitazame mpaka mwenyewe afungue kifungu kimoja. Sasa ana vijiti 12 vya pembeni, anakupa saba, vinabaki vitano, na vifungu viwili. 25. Mfanyie namba tatu nne za namna hiyo kwa vijiti, halafu achore vijiti kwenye karatasi, halafu ndipo aandike tarakimu peke yake. Ikichukua wiki mbili, iwe wiki mbili. Na kuhesabu kwa vidole mruhusu, aibu iliyowekwa kwenye vidole sijui ilitoka wapi.

Baiskeli. Umenyamaza, na nimeelewa kwa nini, lakini ahadi ile ina kasoro mbili. Kwanza, tano bora haimo mikononi mwa mtoto. Anaweza kupanda alama 20 na wenzake wakapanda 25, akabaki pale pale bila baiskeli na bila hamu. Pili ni jambo walilolionyesha Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett mwaka 1973. Walichukua watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora kwa hiari yao, wakawaahidi baadhi yao cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo watachora. Walichora, wakapata. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, hao walioahidiwa ndio waliozigusa kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi ya awali, hamu yao haikupungua. Kwa mtoto ambaye tayari anachukia hesabu mtu anaweza kusema hana hamu ya kupoteza, na kweli zawadi ndogo ndogo zinaweza kumfanya aanze. Lakini baiskeli ni zawadi ya mwisho wa safari ndefu asiyoijua njia yake.

Ahadi ya baba kwa mwanawe haifutwi, ikifutwa mtamtia jeraha jingine. Baba aibadilishe mwenyewe, kwa kinywa chake: "Nilisema tano bora. Nimefikiri, baiskeli utaipata siku yako ya kuzaliwa, kwa sababu wewe ni mwanangu. Hesabu tutazifanya polepole." Hapo amejitoa kwenye kona na heshima yake iko palepale. Akitaka bado kuhusika na masomo, na ninatumaini atataka, ampe kazi ya kumsomea mtoto hadithi kabla ya kulala, au acheze naye michezo ya kete na karata yenye kuhesabu alama, ambapo hesabu ipo ila haina daftari wala mwalimu wa kuogopwa.

Kuhusu tuisheni, sijaikataa milele. Kama baada ya muhula mmoja wa kulala vya kutosha na kufunga daftari binti bado ana somo moja linalomshinda, mtafutie mtu wa somo hilo, mara moja au mbili kwa wiki, anayeanza kwa kumsikiliza na si kwa kumwandikia nukuu nyingine. Mwalimu wa kila jioni kwa masomo yote atakula usingizi ule ule tunaoupigania.

Usitarajie ripoti ijayo tu ndiyo ikwambie kama mnaendelea. Hifadhi karatasi za binti, ziandike tarehe. Weka pamoja ile ya siku ya kwanza ya mzunguko wa damu na ile ya wiki moja baadaye, azione yeye mwenyewe, hiyo ndiyo hoja pekee itakayoshinda lile neno la kichwa kibovu. Zikionyesha kwamba anakumbuka nyumbani ila mtihani bado unamwangusha, basi shida imehamia kwingine, huenda ni hofu ya mtihani, huenda ni kutolielewa swali linataka nini. Hapo nenda shuleni na karatasi hizo pamoja na mtihani wenyewe uliosahihishwa, umwombe mwalimu wa sayansi mviweke mezani pamoja mkiwa na binti, na yeye binti aulizwe swali moja baada ya jingine: hapa uliandika nini, na ulikuwa unafikiri nini?